Bahari au ziwa? Kusoma jiwe la mchanga la Kigoma hatua kwa hatua

Kwenye miamba ya mchanga ya Kigoma, mtu mwenye jicho hukuta viwimbi vilivyoganda: mistari ya vilele na mabonde, sawasawa na ile ya mchanga ulio chini ya maji ya kina kifupi. Wengi wakiviona husema papo hapo, "hapa palikuwa bahari." Viwimbi havijasema hivyo. Vimesema kwamba maji yalipita au yalitikisika juu ya mchanga, kwa nguvu fulani na kuelekea upande fulani. Ziwa Tanganyika linachora viwimbi hivyo hivyo leo, kwenye maji baridi, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari.

Kwa hiyo maswali ni matatu, na yana mpangilio. Kwanza, maji yalikwendaje? Pili, mwendo huo hutokea mahali pa namna gani: mto, ufuo, kina cha wastani, au kilindi? Tatu, ndipo uulize kama maji yale yalikuwa ya bahari. Kosa linaloharibu ripoti nyingi za wanafunzi ni kuanza na la tatu.

Miamba mingi ya mchanga ya mkoa huu ni ya mfuatano mkongwe ambao wanajiolojia wameupa jina la Bukoba. Lava za Gagwe, zilizomo katika mfuatano huo, zina umri wa takriban miaka milioni 800. Ni zamani kabla ya kombe, kabla ya samaki, kabla ya minyoo ya kuchimba mchanga na kabla ya mimea ya nchi kavu. Kwenye mawe ya umri huo usitafute ganda wala shimo la mnyoo. Usiseme pia kwamba kukosekana kwake kunaonyesha maji hayakuwa na hewa au hayakuwa ya chumvi. Viumbe wenyewe hawakuwapo. Kazi yote inabaki kwenye umbo la matabaka, na ndiyo maana umbo hilo lisomwe kwa makini kuliko kwingine.

Aliyeko Tabora mjini amezungukwa na mawe ya itale, si ya mchanga. Hata hivyo mito ya msimu ya Tabora inafaa kwa mazoezi: maji yakikauka, kata ukuta wa mtaro kwa jembe kwenye mchanga wa mto na utaona matabaka mshazari, yaani vitabaka vilivyoinama ndani ya tabaka kubwa, yale yale utakayoyakuta kwenye jiwe ukivuka Malagarasi kwenda magharibi.

Vifaa na saa ya kazi

Beba dira yenye kipima mwinamo, kioo cha kukuzia mara 10, futi kamba ya mita 5 na nyingine ya mita 30, fimbo iliyonyooka ya mita 1.5 yenye alama kila sentimita 10, penseli, daftari la karatasi ngumu, kadi ya kulinganishia ukubwa wa chembe, chupa ndogo ya asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa hadi asilimia 10, nyundo ya jiolojia na miwani ya kukinga macho. Simu yenye GPS inatosha kwa mahali. Kadi ya chembe unaweza kuitengeneza: chekecha mchanga kwa nyavu zenye matundu ya kipimo kinachojulikana, kisha ubandike kila daraja kwenye kipande cha plastiki.

Viwimbi na vitabaka vyembamba huonekana kwa mwanga unaolala. Kigoma jua huchelewa kuchomoza, hivyo hata saa mbili asubuhi mwanga bado ni mzuri. Jioni anza tena saa kumi na moja. Saa sita mchana uso wenye viwimbi vya kimo cha sentimita 1 unaweza kuonekana tambarare kabisa. Ukilazimika kufanya kazi mchana, mwagia jiwe maji na uliangalie likiwa linakauka: vitabaka vyenye chembe ndogo hubaki na unyevu kwa muda mrefu zaidi, na mistari hujitokeza.

Pata kibali cha ofisi ya kijiji na cha mwenye machimbo ya mawe kabla ya kugonga chochote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe usigonge wala kuchukua jiwe bila ruhusa ya hifadhi. Pima, chora na upige picha. Kwenye mdomo wa Malagarasi na Luiche mamba ni hatari halisi, kwa hiyo waulize wavuvi wa pale kabla ya kuingia majini. Kwenye nyufa za majabali angalia nyuki kabla ya kuanza kelele za nyundo.

Anzia ziwani

Kabla ya kugusa mwamba, tumia asubuhi moja ufuoni. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini huleta mawimbi ya kutosha. Simamisha mti majini, hesabu vilele 11 vya mawimbi vikipita, kisha gawa muda wote kwa 10. Hicho ndicho kipindi cha wimbi kwa sekunde. Urefu wa wimbi kwenye maji ya kina ni takriban 1.56 zidisha kipindi mara kipindi, na wimbi hutikisa sakafu mpaka kina cha karibu nusu ya urefu huo. Wimbi la sekunde 3 lina urefu wa mita 14 na hugusa hadi mita 7 hivi. La sekunde 5: mita 39, na kina cha karibu 20. Mawimbi marefu ya bahari kuu, ya sekunde 10, yana urefu wa mita 156 na hutikisa mchanga kwenye kina cha mita 78. Tofauti hiyo utaihitaji baadaye.

Kisha ingia kwenye maji ya magotini na upime viwimbi vya mchanga: umbali kutoka kilele hadi kilele, kimo, na kama pande mbili za kilele zinalingana. Rudia hatua tano kutoka ufuoni, kisha kumi. Angalia pia pale maji yanapopanda na kurudi kwenye mchanga mkavu: hapo hapana viwimbi, ila vitabaka laini vinavyoinamia ziwani kwa nyuzi chache tu, mara nyingi 2 hadi 10, vikiwa na mistari ya mchanga mweusi mzito.

Juu ni wapi?

Mwamba uliokunjwa unaweza kuwa umepinduka. Kabla ya kusoma mfuatano wowote, thibitisha upande wa juu kwa alama mbili tofauti angalau. Viwimbi vya mawimbi vina vilele vilivyochongoka juu na mabonde ya mviringo chini. Matabaka mshazari hulala taratibu chini, yakikutana na msingi kwa mkunjo, na juu yamekatwa ghafla na tabaka linalofuata. Nyufa za tope huwa pana juu na nyembamba chini. Tabaka lenye chembe zinazopungua ukubwa kwa kawaida lina kubwa chini. Usitegemee alama hii peke yake, kwa kuwa yapo matabaka yanayoongezeka ukubwa kwenda juu.

Chembe

Vunja kipande kipya; uso uliochakaa hudanganya. Mchanga mwembamba sana ni milimita 0.063 hadi 0.125, mwembamba hadi 0.25, wa kati hadi 0.5, mnene hadi 1, mnene sana hadi 2. Chini ya 0.063 ni tope. Kama jiwe limegeuka gumu kiasi kwamba linavunjika kupitia chembe badala ya kuzizunguka, lilowanishe na utafute kwa kioo mipaka ya chembe za awali. Mara nyingi kuna utando mwekundu wa chuma unaoonyesha duara la zamani chini ya kwatzi iliyoongezeka.

Ukubwa una maana moja ya haraka: viwimbi vidogo vya mkondo havitengenezwi kwenye mchanga mnene kupita milimita 0.7 hivi. Ukikuta viwimbi kwenye mchanga mnene zaidi ya hapo, fikiria mawimbi kwanza.

Viwimbi: pima, usikisie

Chagua sehemu ya uso isiyochakaa na upime viwimbi visivyopungua 10. Chukua urefu (kilele hadi kilele), kimo (bonde hadi kilele), na ugawe msingi wa kila kiwimbi sehemu mbili: upana wa mgongo mrefu na upana wa uso mkali. Urefu ukigawanywa kwa kimo, viwimbi vya mawimbi huangukia kati ya 4 na 13, vingi karibu na 6 au 7. Vya mkondo mara nyingi huzidi 8 na kufika 15 au zaidi. Kwa kuwa makundi hayo yanaingiliana, kipimo hiki hakitoshi. Kinachoamua zaidi ni ulinganifu: gawa upana wa mgongo kwa upana wa uso mkali. Ukipata karibu na 1, ni mawimbi. Zaidi ya 3 au 4, ni mkondo. Katikati ya hapo, andika "mchanganyiko" na usijilazimishe kuchagua.

Tazama pia vilele kwa juu. Vya mawimbi hunyooka mbali, na huku na huku kilele kimoja hugawanyika viwili. Vya mkondo hupindapinda au hukatika na kuwa vipande vyenye umbo la ulimi. Na ukiweza, tazama ndani: kata au tafuta ufa unaopita katikati ya kiwimbi. Mara nyingi kiwimbi kinachoonekana kulingana kwa nje kina vitabaka vinavyoinamia upande mmoja tu ndani. Hiyo ni kawaida karibu na ufuo, ambako wimbi lina nguvu zaidi likija kuliko likirudi. Asiyekagua ndani hukosa jambo hili.

Kwa viwimbi vilivyoumbwa moja kwa moja na mzunguko wa maji ya wimbi, urefu wa kiwimbi ni takriban 0.65 ya kipenyo cha mzunguko huo sakafuni. Kiwimbi cha sentimita 12 chenye kimo cha 1.8 (uwiano wa 6.7) kinaonyesha maji yaliyokuwa yakienda na kurudi sentimita 18 hivi. Kipenyo hicho hakikupi kina peke yake: wimbi dogo kwenye kina kifupi na wimbi kubwa kwenye kina kirefu yote yaweza kukileta. Watu wengi hukosea hapa, wakaandika kina cha mita kamili kutokana na kiwimbi kimoja. Kama uwiano wa urefu kwa kimo umepita 13, usitumie hesabu hii kabisa.

Viwimbi vyenye vilele vilivyosawazishwa kama kwa msasa, au vyenye viwimbi vidogo vinavyopita kwa pembe ndani ya mabonde ya vikubwa, ni dalili ya maji yaliyokuwa yakipungua mpaka mchanga ukakaribia kutokeza. Viandike kando, ni vya thamani sana.

Matabaka mshazari

Fungu la vitabaka vinavyolala mshazari, lenye unene wa kupita sentimita 5 hivi, ni mabaki ya tuta la mchanga lililokuwa likihama. Upande vinakoinamia ndiko mkondo ulikokwenda. Mwinamo wa mchanga mkavu unaoporomoka hufika nyuzi 30 na kidogo. Kwenye jiwe, baada ya kugandamizwa, tarajia 20 hadi 28.

Kuta wima hudanganya. Unachokiona kwenye ukuta ni mwinamo wa kuonekana tu. Kama mwinamo halisi ni nyuzi 25 na ukuta umeelekea nyuzi 60 mbali na upande wa mwinamo, utasoma nyuzi 13 tu. Tafuta kona yenye kuta mbili, au chonga kwa tindo mpaka uweke dira kwenye uso wenyewe wa kitabaka. Kwa matuta yaliyopindika, ambayo matabaka yake yana umbo la hori likionekana kwa juu, pima mhimili wa hori. Ukipima mbavu zake utapata mielekeo ya pande zote na utadhani mkondo ulikuwa ukibadilika.

Unene wa mafungu unakupa makisio ya kina. Sehemu ya juu ya tuta huliwa na tuta linalofuata, hivyo kinachobaki ni kama theluthi moja. Pima mafungu 20 au zaidi, chukua wastani, zidisha kwa 2.9 upate kimo cha tuta; kina cha maji kilikuwa kwa kawaida mara 6 hadi 10 ya kimo hicho. Wastani wa sentimita 20 unatoa tuta la sentimita 58 na maji ya mita 3.5 hadi 6. Toa jibu kama upeo wa namba mbili kila mara. Mafungu ya mita kadhaa, yasiyo na tope hata kidogo, yenye vitabaka vyembamba sana ambavyo chembe zake huongezeka ukubwa kwenda juu, yawe yanakufanya ushuku upepo wa jangwani kabla ya maji.

Onyo moja la macho: mawe mekundu na ya kahawia mara nyingi yana pete na mistari ya chuma iliyopenya baadaye na maji ya ardhini. Inafanana mno na matabaka mshazari. Fuatilia mstari mmoja: kama unakata mpaka wa tabaka bila kubadilika, au ukubwa wa chembe hautofautiani pande zake mbili, ni rangi tu.

Maji kujaa na maji kupwa

Dalili zinazotofautisha bahari na ziwa zinaanzia hapa. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa kuonekana. Kimo chake hubadilika kwa mvua na kiangazi. Pwani ya Tanzania maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa kuzunguka mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti hupita mita 3. Ukiweza kuonyesha kwenye jiwe kwamba maji yaligeuka na kusimama kwa ratiba, umekaribia sana kusema bahari.

Tafuta utando wa tope juu ya vitabaka mshazari. Mkondo ukisimama, tope hutua. Ukirudi, mchanga huja tena. Utando mmoja mmoja hausemi mengi, kwani mto ukipungua nao huacha tope. Lakini utando wa jozi, yaani mistari miwili ya tope iliyotenganishwa na tabaka jembamba sana la mchanga, hutokana na visimamo viwili vya maji, kabla na baada ya mkondo dhaifu wa kurudi. Hiyo ni kauli nzito.

Baada ya hapo pima unene wa kila kifurushi cha mchanga kati ya utando na utando, mfululizo, bila kuruka, angalau 40 kama jiwe linaruhusu. Chora namba kwa mpangilio. Vifurushi vikinenepa na kukonda kwa mzunguko wa karibu 28, unaona bamvua na maji mafu (siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu) yakipokezana kila siku 14 hadi 15. Vifurushi vya maji mafu mara nyingi hupotea kwa wembamba, kwa hiyo 22 au 25 si kushindwa. Mzunguko usio na mpangilio wowote ndio kushindwa, na uuandike hivyo.

Mishazari pinzani, ambapo fungu moja linainamia huku na la juu yake kinyume chake, hupendwa mno na wanaoanza. Ni dalili halali ikiwa umepima mielekeo halisi na ikapishana karibu nyuzi 180. Kwenye ukuta mmoja tu, hori mbili zilizokatwa pembeni zinatoa picha ile ile bila mkondo wowote kugeuka. Isitoshe, kwenye mikondo ya bahari maji ya kujaa na ya kupwa mara nyingi hupita njia tofauti, hivyo hata bahari halisi huacha mishazari pinzani michache. Kutoiona hakukanushi chochote.

Mchanganyiko wa mchanga na tope nao unafaa kurekodiwa kwa kiasi: viwimbi vya mchanga vyenye tope mabondeni tu, tabaka za mchanga na tope zinazopokezana kwa usawa, au vipande vya mchanga vinavyoelea ndani ya tope. Mfululizo huo, kutoka mchanga mwingi kwenda tope jingi, hupatikana kwenye tambarare zinazofunikwa na maji kujaa ukienda kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Hupatikana pia kwenye delta za maziwa, na kwa hiyo haujitoshelezi.

Dhoruba, nyufa na vilindi

Dhoruba huacha mchanga mwembamba wenye vitabaka vinavyopanda na kushuka kwa upole, mwinamo usiozidi nyuzi 15, vilima vyake vikitengana mita 1 hadi 5, na hakuna upande mmoja vinakoelekea ukivitazama kutoka kuta tofauti. Tabaka la namna hii huanza kwa msingi mkali uliochongwa na huishia kwa viwimbi vya mawimbi na tope. Mahali pake ni chini ya kina cha mawimbi ya siku za kawaida na juu ya kina cha mawimbi ya dhoruba. Yamerekodiwa kwenye maziwa makubwa pia, hivyo usiyatumie kuthibitisha bahari. Ila vilima vya mita kadhaa, vikirudiarudia kwenye unene wa makumi ya mita ya mwamba, vinadai mawimbi ya kipindi kirefu, na hapo hesabu uliyofanya ufuoni inakusaidia kupima kama ziwa lingeweza.

Nyufa za tope zenye pembe nyingi zilizokamilika, zilizojazwa mchanga kutoka juu, zinaonyesha tope lilikauka juani. Zile fupi, zilizochongoka ncha mbili na zisizoungana, zaweza kuwa zimetokea chini ya maji; usiziite ukavu. Kwenye mawe ya umri huu kuna jambo la ziada: utando wa vijidudu ulifunika mchanga bila wanyama wa kuula. Unaacha mikunjo midogo midogo kama ngozi ya tembo juu ya tabaka, na huweza kupasuka hata kwenye mchanga usio na tope. Uso wa namna hiyo unaonyesha maji yenye mwanga na utulivu wa muda, kwa kawaida kina kifupi.

Matabaka ya kilindi yanatambulika kwa msingi wenye alama zilizochongwa na mkondo, ncha butu ikiwa upande mkondo unakotoka, kisha chembe zinazopungua ukubwa kwenda juu, vitabaka tambarare, viwimbi vya mkondo, na mwisho tope. Mpangilio huo uliwekwa wazi na mwanajiolojia Arnold Bouma mwaka 1962. Ziwa Tanganyika lenye kina cha takriban mita 1,470 linapokea mchanga wa aina hii sasa hivi, kwa hiyo nao ni dalili ya mteremko na kina, si ya chumvi.

Mielekeo

Kila kituo kinahitaji vipimo 20 hadi 30 vya vitabaka mshazari. Kama mwamba wenyewe umeinama zaidi ya nyuzi 10, urudishe kwenye ulalo kwa wavu wa kistereo (karatasi yenye duara la gridi la kuhesabia miinamo) au programu ya simu inayofanya kazi hiyo kabla ya kuchora chochote. Gawa duara katika sehemu 12 za nyuzi 30 na uhesabu vipimo vya kila sehemu.

Usitafute wastani wa kawaida. Chukua 340, 355, 10, 20 na 5: wastani wa kawaida ni 146, kusini mashariki, wakati vipimo vyote vinaelekea kaskazini. Jumlisha sini zake (0.174) na kosini zake (4.857), gawa ya kwanza kwa ya pili na utafute pembe yake, utapata nyuzi 2. Kama sini au kosini ni hasi, kumbuka kurekebisha robo ya duara. Na kama mielekeo imegawanyika makundi mawili yanayotazamana, tafuta wastani wa kila kundi peke yake. Vilele vya viwimbi vya mawimbi viwekwe kwenye mchoro tofauti: vinaonyesha mstari, na mara nyingi mstari huo unaenda sambamba na ufuo wa zamani.

Safu ya mwamba

Pima kutoka chini kwenda juu kwa fimbo ya mita 1.5, ukiiinamisha iwe wima kwa matabaka, si wima kwa ardhi. Chora kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita 2 kwa mita. Kila tabaka liwe na unene, chembe, aina ya mpaka wa chini (mkali, wa taratibu au uliochongwa), miundo, mwelekeo na rangi. Sehemu zilizofunikwa na nyasi zichore kama nafasi tupu na uandike unene wake. Kuziunganisha kwa kukisia ni kubuni data.

Soma mfuatano kwa kanuni ya mwanajiolojia Johannes Walther ya mwaka 1894: mazingira yaliyokuwa jirani ndiyo yanayokuja kulaliana, mradi hakuna mmomonyoko katikati. Tope lenye matabaka membamba ya mchanga wa dhoruba, juu yake mchanga wa dhoruba uliolundikana, juu yake mishazari ya hori, na juu kabisa vitabaka tambarare vinavyoinama kidogo: huo ni ufuo uliokuwa ukisonga mbele kuelekea majini. Ukiona ufuo umelaliwa moja kwa moja na tope la kilindi, tafuta uso wa mmomonyoko au kokoto kati yao.

Mito ya umri huu inahitaji tahadhari ya peke yake. Bila mizizi ya kushika kingo, mito ilitanda mipana na ya kina kifupi, ikaacha matandazo ya mchanga yaliyoenda mbali, tope likasombwa na maji au upepo. Tandazo hilo likionekana kwenye ukuta wa machimbo hufanana na mchanga wa bahari ya kina kifupi. Mwelekeo mmoja usiobadilika, misingi iliyochongwa yenye vipande vya tope, chembe zenye kona na madini ya feldspa kwa wingi, na kutokuwepo kwa viwimbi vya mawimbi, vyote pamoja huelekeza mtoni.

Kuhusu chumvi yenyewe, zaidi ya maji kujaa na kupwa, tafuta kwa kioo chembe za kijani za glaukoniti, ambazo kwa sehemu kubwa hutokana na sakafu ya bahari. Kijani peke yake hakitoshi: kloriti na epidoti pia ni za kijani, basi peleka kipande maabara kikatwe na kuangaliwa kwa hadubini. Weka tone la asidi. Kuchemka kunaonyesha kalsiti (madini ya chokaa) iliyoshika chembe, ambayo yaweza kuwa imeingia baadaye. Maji ya chumvi ya Uvinza nayo, ingawa ni ya zamani na mashuhuri, yanapanda kutoka ardhini, na hayawezi kutumika kama shahidi wa tabaka la mchanga lililoko kilomita nyingi mbali.

Ripoti iandikwe ikitenganisha kilichopimwa na kilichodhaniwa. Kwa mfano, tuseme kituo chako kimetoa safu ya mita 18, viwimbi vyenye ulinganifu wa 1.1, mafungu mshazari ya wastani wa sentimita 15 yenye mielekeo miwili inayopishana nyuzi 170, utando wa tope wa jozi mahali pawili, na hakuna glaukoniti. Andika: "Mchanga uliwekwa na mkondo uliogeuka, kwenye maji ya kina cha makisio ya mita 2.5 hadi 4.5, na sehemu yake ilichezewa na mawimbi. Kujaa na kupwa kunawezekana sana. Bahari inawezekana, haijathibitishwa. Vifurushi havikuhesabika." Ongeza nini kingebadilisha uamuzi: mfululizo wa vifurushi 40 unaohesabika ungeuimarisha, na mielekeo miwili ikigundulika ni mbavu za hori moja, ungeanguka. Andika GPS ya kila uso uliopimwa na uambatishe picha yenye kipimo ndani yake, ili mwingine arudi na dira yake akapime tena.